Umeuziwa kifaa kilichotumika kama kipya? Usikubali kupelekwa kwa fundi

Ukirudi dukani Luthuli Avenue au Moi Avenue jijini Nairobi kulalamika kwamba laptopu uliyouziwa juzi kama mpya ilishatumiwa na mtu mwingine, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Kwani ina shida gani?" Linaulizwa kwa upole, na wateja wengi hulijibu bila kufikiri. Wanaanza kutafuta shida. Betri haikai, kitufe kimoja kinagoma, feni inapiga kelele. Muuzaji anamwita fundi wa ghorofa ya juu, betri inabadilishwa, mteja anarudi nyumbani na laptopu ile ile. Mwezi ukiisha kioo kinaanza kupiga mistari, naye anaambiwa waranti ya duka ilikuwa ya wiki mbili tu.

Haki ya mteja huyo ilipotea pale alipolijibu lile swali. Hakuwa amekuja kwa sababu kifaa kimeharibika. Alikuja kwa sababu alilipia kitu kimoja akapewa kingine. Hata kama laptopu hiyo ingefanya kazi miaka mitano bila kukohoa, bado angekuwa na dai, kwa kuwa bei aliyotoa ni ya kitu kipya. Ubovu ni lalamiko moja na uongo ni lalamiko jingine. Kila moja lina sheria yake, muda wake na dawa yake. Ukikubali mazungumzo yahamie kwenye ubovu, umeacha dai kubwa mezani na kuondoka na lile dogo.

Makala haya yanafuata zaidi sheria za Kenya, kwa sababu jambo hili limeandikwa humo waziwazi kuliko wengi wanavyodhani. Nitagusa Tanzania baadaye kidogo.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "mpya"

Madukani yanachanganywa mambo manne. Kuna kifaa kipya kabisa, ambacho hakijawahi kuwa mali ya mtumiaji mwingine. Kuna kilichotumika, kile tunachokiita "ex-UK" hata kama kimetoka Dubai au Marekani. Kuna kilichokarabatiwa: kilichotumika, kikafunguliwa, kikabadilishwa betri, kioo au gamba, kikasafishwa na kurudishwa sokoni. Na kuna bandia, ambacho kimetengenezwa na mtu asiye na haki ya kutumia jina lililobandikwa juu yake.

Bandia ni mgogoro mwingine kabisa. Kina sheria yake ya mwaka 2008 na mamlaka yake ya kupambana na bidhaa ghushi. Simu iliyotumika inaweza kuwa halisi kwa asilimia mia moja, imetoka kiwandani kwa mtengenezaji mwenyewe, na bado ukawa umedanganywa. Ndiyo maana muuzaji anayekuapia kwamba "hii ni orijino" hajajibu chochote. Hukumuuliza kama ni orijino.

Niseme wazi kwamba sina ugomvi na vifaa vilivyotumika. Laptopu ya EliteBook, ThinkPad au Latitude iliyotoka kwenye ofisi Uingereza na kuuzwa kwa jina lake la haki ni msaada mkubwa kwa mwanafunzi wa chuo ambaye hawezi kumudu mpya. Wapo wafanyabiashara waadilifu wanaokuonyesha mkwaruzo kwa kidole kabla hujauona mwenyewe, wanakutajia hali ya betri, kisha wanakupa bei inayolingana na hayo. Watu hawa ndio wanaoumizwa zaidi na jirani anayefunga kifaa hicho hicho kwenye boksi jipya na nailoni inayong'aa, kisha anakiuza kwa bei ya juu. Sheria haikatazi kuuza kilichotumika. Inakataza kukiita kipya.

Vipi basi kifaa kilichofunguliwa dukani ili kijaribiwe? Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 imelifikiria hilo. Kifungu cha 12 kinahesabu kuwa ni udanganyifu kusema bidhaa ni mpya au haijatumika ilhali ilishatumika au ilikarabatiwa. Hapo hapo kinaongeza kwamba matumizi ya kadiri ya kuihudumia, kuiandaa, kuijaribu na kuifikisha kwa mteja hayaifanyi iwe imetumika. Kwa hiyo muuzaji akivunja lakiri mbele yako, akawasha simu na kukuonyesha kamera, simu bado ni mpya. Simu iliyokaa miezi minane kwenye kaunta ikiwaka kutwa kama kielelezo, ikishikwa na kila apitaye, kwa maoni yangu imeshavuka mpaka huo. Ile iliyonunuliwa, ikatumiwa wiki mbili, ikarudishwa na mteja wa kwanza kisha ikafungwa upya, haina hata haja ya mjadala.

Sheria zinazokusimamia

Msingi uko kwenye Katiba ya 2010. Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidike na bidhaa hizo, ulinzi wa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Ni ibara nzuri, lakini ukiisoma dukani peke yake utachekwa. Nguvu iko kwenye sheria mbili zilizo chini yake.

Ya kwanza ni ya zamani: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyorithiwa kutoka sheria ya Kiingereza ya karne ya 19. Kifungu cha 15 kinasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, ni sharti bidhaa ilingane na maelezo hayo. "Mpya" ni maelezo. Kifungu cha 16 kinahusu ubora na kufaa kwa kazi, na humo ndimo lalamiko la ubovu linapoishi. Tofauti ya vifungu hivi viwili ina faida kubwa kwako. Chini ya cha 16 muuzaji anaweza kukwambia, "Uliikagua mwenyewe hapa, kasoro hii ulipaswa kuiona." Chini ya cha 15 utetezi huo unapungua nguvu sana, kwa kuwa kukagua gamba na kioo hakukufanyi ujue historia ya kifaa.

Tena, chini ya kifungu cha 15 haijalishi kama muuzaji alikusudia. "Hata mimi niliuziwa hivyo na mtu wa Dubai" linaweza kuwa jibu la kweli, na linaweza kumwokoa asionekane mwizi, lakini halifuti wajibu wake kwako. Wewe uliweka mkataba na yeye. Yeye akamdai aliyemuuzia.

Ya pili ni hiyo ya 2012, na ndiyo yenye meno. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo (namba imegongana na ile ya Sura ya 31, usichanganye) kinasema mkataba wowote, uwe wa maandishi, wa mdomo au wa kueleweka tu, ukifanywa wakati muuzaji ametumia mwenendo usio wa haki, mnunuzi anaweza kuubatilisha na bado akadai nafuu nyingine za kisheria, zikiwemo fidia. Kubatilisha maana yake mkataba unavunjwa kama vile haukuwahi kuwepo: kifaa kinarudi kwa muuzaji, pesa zinarudi kwako, zote. Hakuna kukatwa "ya matumizi", na hakuna kulazimishwa uchague kitu kingine dukani. Ukipenda kubadilishiwa, kubali. Hiyo ni hiari yako, wala duka halina mamlaka ya kukuchagulia.

Na kama huwezi tena kukirudisha, labda umekiuza au kimeibwa? Haki haifi. Unabaki na dai la tofauti kati ya ulicholipa na thamani halisi ya ulichopewa.

Muda

Hapa watu wengi huteleza. Sheria ya 2012 inataka utoe ilani ya kubatilisha ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya mkataba. Hesabu inaanza siku uliponunua, hata kama uligundua baadaye. Sura ya 31 nayo inasema ukikaa na bidhaa kupita muda unaofaa bila kumwambia muuzaji kwamba umeikataa, unahesabiwa kuwa umeikubali. Hapo unapoteza haki ya kuirudisha na kubaki na dai la fidia. Dai la fidia kwa kuvunjwa mkataba lenyewe lina miaka 6 kabla ya kufungwa na Sheria ya Ukomo wa Mashauri.

Kwa vitendo: siku unapogundua, acha kukitumia na uandike ujumbe siku hiyo hiyo. Mtu anayeendelea kutumia simu miezi mitatu huku akibishana anampa muuzaji hoja ya bure.

Bango la "bidhaa ikiuzwa hairudishwi"

Limebandikwa karibu kila duka, limechapwa kwenye risiti, na limewarudisha nyumbani watu wengi wenye haki. Kwa mteja aliyebadilisha mawazo tu, bango hilo lina maana. Ulinunua simu nyeusi, umefika nyumbani umeitamani ya bluu, duka halilazimiki kukusaidia.

Kwa mteja aliyedanganywa halina uzito. Kifungu cha 5 cha sheria ya 2012 kinatangaza kuwa batili sharti lolote linalojaribu kuondoa au kupunguza ahadi ambazo sheria imezitia ndani ya mauzo, iwe sharti hilo liko kwenye mkataba au nje yake. Ahadi kwamba bidhaa italingana na maelezo ni mojawapo. Vivyo hivyo "waranti ya duka wiki mbili". Waranti ni ziada anayokupa muuzaji juu ya haki zako. Haiwezi kuwa kisu cha kuzikatia.

Waranti ya mtengenezaji nayo huzaa mkanganyiko wake. Unaambiwa, "Usijali, hii ina mwaka mzima wa kampuni." Kifaa kikiwa kimeshatumika ng'ambo, mwaka huo ulianza kuhesabiwa huko, pengine umekwisha kabla simu haijapanda ndege. Hilo ni hasara yako, lakini pia ni ushahidi wako, kama tutakavyoona.

Kuthibitisha kwamba kilitumika

Mahakamani mzigo wa kuthibitisha ni wako, ingawa kiwango ni cha madai: inatosha kuonyesha kwamba maelezo yako yana uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko ya mwenzako. Habari njema ni kwamba vifaa vya kisasa vinaandika maisha yao vyenyewe.

Chukua laptopu ya Windows. Fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport. Kompyuta itatengeneza ripoti na kukuonyesha ilikohifadhiwa. Tuseme inasema betri iliundwa kubeba 50,000 mWh na sasa ikijaa inabeba 31,000, na imezungushwa (kujazwa na kutumika hadi kuisha) mara 412. Betri ya laptopu iliyotoka boksi leo haijazungushwa mara 412. Kisha pakua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu za diski, utazame saa ambazo diski imekuwa ikiwaka. Ukikuta saa 6,000, piga hesabu: mtu wa ofisi anayefanya kazi saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, anafikisha saa 2,080 kwa mwaka. Hiyo ni karibu miaka mitatu ya mezani kwa mtu.

Mkarabati hodari atakuwa amebadilisha betri na diski, kwa hiyo namba hizo zikiwa safi usiridhike haraka. Tafuta namba ya mfululizo iliyo ndani ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta), siyo ile ya stika peke yake, kwa kuwa stika huchapwa upya. Ipeleke kwenye ukurasa wa waranti wa HP, Dell au Lenovo. Utaona waranti ilianza lini na inaisha lini. Ikiwa ilianza 2021 na wewe umenunua "mpya" 2025, sidhani kuna maelezo ya kukuridhisha. Inawezekana kifaa kilikaa ghalani miaka hiyo yote, na muuzaji ana haki ya kuthibitisha hivyo. Mwache athibitishe.

Kwa iPhone, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, utazame namba ya modeli. Ikianza na herufi M, ilitoka kiwandani kwa ajili ya rejareja. F inamaanisha ilikarabatiwa na Apple wenyewe. N ni simu iliyotolewa kumbadilishia mteja ambaye yake iliharibika. P imechongwa maandishi ya mwenyewe. Wauzaji wengi wanafuta alama zote za nje na kuisahau herufi hii moja. Kuanzia iPhone 15, simu yenyewe inaonyesha betri ilitengenezwa lini, ilianza kutumika lini na imezungushwa mara ngapi. Modeli za nyuma kidogo zina orodha ya vipuri vilivyobadilishwa, na huandika kama kipuri ni halisi au hakijulikani. Ukurasa wa waranti wa Apple nao unakuonyesha ulinzi unaishia lini. Simu "mpya" iliyobakiza miezi miwili iliwashwa na mtu mwingine mapema.

Simu za Android ni ngumu zaidi, kwa kuwa kila mtengenezaji ana namna yake. Bonyeza *#06# upate IMEI (namba ya utambulisho ya kila simu), ulinganishe na iliyo kwenye boksi na kwenye mipangilio. Zikitofautiana, boksi na simu havikuzaliwa pamoja. Kisha peleka kifaa kwenye kituo cha huduma kinachotambuliwa na mtengenezaji, uombe waandike wanachokiona: kioo kimewahi kutolewa, gundi ya kuzuia maji imekatwa, parafujo zimefunguliwa. Karatasi yenye muhuri na tarehe kutoka kituo kama hicho ina uzito kuliko maneno ya fundi kumi wa mtaani. Televisheni nyingi nazo zina menyu ya mafundi inayoonyesha saa zilizowaka. Kituo hicho hicho kinaweza kukusomea.

Kuna sababu nyingine ya kuchunguza mapema, nayo inanitia wasiwasi kuliko bei. Kifaa kilichotumika kinaweza kuwa bado kimefungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza, au kipo chini ya usimamizi wa kampuni iliyokuwa inakimiliki, au kiliripotiwa kuibwa huko kilikotoka. Unaweza kukitumia vizuri miezi kadhaa, kisha siku ukikisafisha na kukianzisha upya kikakuomba nywila ya mtu usiyemjua.

Piga picha kila kitu. Hifadhi tangazo la TikTok au Facebook lenye neno "mpya" kabla halijafutwa, jumbe za WhatsApp mlizopatana, na ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha jina la mwenye till. Kwa maduka yaliyogawanywa vyumba kumi ndani ya jengo moja, ambako broka anakuchukua barabarani na kukukabidhi kwa mtu wa tatu, jina hilo la till (namba ya duka ya kupokea malipo) au lile lililo kwenye risiti ya eTIMS, yaani risiti ya kielektroniki ya kodi, ndilo litakaloamua unamshtaki nani. Risiti ya eTIMS ina jina la biashara na PIN yake ya KRA, mamlaka ya kodi. Ikiwa una jina la biashara tu, Huduma ya Usajili wa Biashara hutoa taarifa za wamiliki kupitia eCitizen kwa ada.

Ilani

Usiende kugombana. Andika. Ilani haihitaji wakili wala lugha ya kisheria. Inahitaji kusema kwamba unabatilisha na kwa nini. Itume kwa WhatsApp, kwa barua pepe, na nakala moja uipeleke kwa mkono. Inaweza kuwa hivi:

"Tarehe 4 Machi nilinunua kwenu laptopu yenye namba ya mfululizo iliyo kwenye risiti, kwa KSh 68,000. Mliniambia na kuniandikia kwamba ni mpya. Nimegundua kuwa ilishatumika: waranti ya mtengenezaji ilianza mwaka 2021, na diski imewaka saa 6,000. Kwa hiyo nabatilisha ununuzi huu kwa mujibu wa Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Laptopu iko tayari kuchukuliwa, na sitaitumia tena. Naomba mnirudishie pesa zote ndani ya siku 7. Zikipita, nitafungua shauri katika Mahakama ya Madai Madogo."

Angalia kwamba hakuna neno moja kuhusu betri mbovu. Usiliongeze. Wakikujibu "ilete tuitengeneze", jibu ni kwamba hujalalamikia utengenezaji. Wakikupa kava, chaja ya akiba na punguzo la elfu tatu ili yaishe, ni uamuzi wako, lakini ukipokea ukisema "basi tumemalizana", umemalizana kweli. Na usimkabidhi kifaa kabla hajakurudishia pesa, au angalau bila karatasi iliyosainiwa inayotaja namba yake na hali yake. Kifaa hicho ndicho shahidi wako mkuu, na kikibadilishwa diski huko nyuma ya kaunta, shahidi amenyamazishwa.

Mlango wa kubisha hodi

Mahakama ya Madai Madogo iliundwa na sheria ya mwaka 2016, ikaanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, kisha ikaenea miji mingine. Inasikiliza madai yasiyozidi KSh milioni 1, na mauzo ya bidhaa yametajwa wazi ndani ya mamlaka yake. Unaweza kujisimamia mwenyewe, ukaongea Kiswahili. Mwamuzi hafungwi na kanuni ngumu za ushahidi, kwa hiyo picha zako za skrini na ripoti ya betri zitasikilizwa. Sheria inataka shauri likamilike ndani ya siku 60, na rufaa inakwenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu, jambo linalomzuia muuzaji kukuchosha kwa miaka. Unafungua shauri katika eneo mliponunuliana au anakoishi unayemdai. Ukishinda na asilipe, amri hiyo inakaziwa kama ya mahakama nyingine yoyote, hata kwa kukamata mali yake.

Kwa uzoefu wa wengi waliofika huko, ilani iliyoandikwa vizuri na nakala ya karatasi za mahakama huwa zinatosha. Muuzaji anapoona namba ya shauri, anajua hatazungumza tena na mtu wa kupelekwa kwa fundi.

Mamlaka ya Ushindani ya Kenya nayo hupokea malalamiko ya watumiaji bila malipo, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya 2010 inaharamisha kutoa maelezo ya uongo kuhusu ubora na historia ya bidhaa. Peleka huko hasa ukijua kwamba duka linafanya hivyo kwa kila mteja. Mamlaka inaweza kuchunguza mwenendo mzima. Kwa pesa zako binafsi, mahakama ni njia iliyonyooka zaidi.

Polisi je? Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake ni hadi miaka 3 jela. Lakini lazima nia ya kudanganya ithibitishwe pasipo shaka, na afisa wa zamu mara nyingi atakwambia nenda mahakama ya madai. Mimi ningekwenda polisi pale muuzaji alipotoweka, au boksi lilipochapwa upya kwa IMEI ya simu nyingine, maana hapo nia haihitaji kubahatishwa. Andikisha kwenye OB (kitabu cha matukio cha polisi) hata hivyo, upewe namba.

Ukiwa Tanzania

Sheria inayokuhusu zaidi ni Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Inakataza mfanyabiashara kudanganya kuhusu ubora wa bidhaa, historia yake na matumizi yake ya awali, na tume hupokea malalamiko ya walaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania imetoka shina moja na ile ya Kenya, kwa hiyo hoja ya bidhaa kulingana na maelezo yake inasimama vile vile Kariakoo kama inavyosimama Luthuli. Dai risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi), kwani bila hiyo utaanza kubishana kama ulinunua hapo.

Tahadhari moja. Tangu simu bandia zizimwe Juni 2016, watu wamezoea kutuma IMEI kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kulipa. Ni tabia nzuri, iendelee. Ila jibu linakuambia kama namba hiyo ni halali na ni ya modeli gani. Simu halisi iliyotumika miaka minne London itapita mtihani huo bila tatizo, na muuzaji anajua; ndiyo maana anakuhimiza uutume.

Kabla hujalipa

Karibu kila nililoeleza linategemea kuthibitisha kwamba aliyekuuzia alisema "mpya". Mwombe aliandike. Risiti iwe na jina la kifaa, namba ya mfululizo au IMEI, bei, tarehe, na maneno "mpya, hakijatumika". Kuandika hayo ni kazi ya sekunde chache kwa mtu ambaye bidhaa yake ni mpya kweli. Akianza kukwambia kwamba mashine ya risiti haikubali maneno mengi, mpe karatasi. Akisema hakuna haja kwa sababu mnaaminiana, mtumie ujumbe wa WhatsApp ukiwa bado umesimama pale, "Nathibitisha kwamba simu hii unayoniuzia ni mpya, sivyo?", usubiri jibu lake kabla hujaweka PIN ya M-Pesa.

Na ukikuta bei iko chini sana ya ile ya wakala rasmi, uliza kwa nini na uhifadhi jibu. Muuzaji akifika mahakamani atasema kwamba kwa bei ile ulijua unanunua iliyotumika. Ukiwa na jibu lake la siku hiyo, "tumeagiza nyingi ndiyo maana ni rahisi", hoja hiyo itakuwa imejibiwa na yeye mwenyewe.